Habari Inayoletwa na Kifundo cha Mkono

Mvua za Songea, ambazo kwa desturi huanza mwishoni mwa Novemba na kuendelea mpaka Aprili, huulainisha udongo mwekundu wa miteremko ya Matogoro hata njia iliyokuwa salama wakati wa kiangazi ikawa ya kupitwa kwa hadhari. Na katika miezi hiyo si jambo geni kumwona mwanamke wa makamo akiingia katika chumba cha majeruhi huku ameubeba mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, kifundo kimevimba, vidole vimekakamaa, na kanga imefungwa shingoni kwa haraka ili kuupunguzia mkono ule uzito. Muuguzi kijana humwamkia kwanza, kama adabu inavyotaka, kisha humuuliza ameanguka kutoka wapi. "Sikuanguka kutoka popote, mwanangu," huwa ndilo jibu, "nimeteleza hapo uani, nikajizuia kwa mkono." Picha ya eksirei hupigwa, mfupa huonekana umevunjika, mkono hunyooshwa na kufungwa hogo, na mama huambiwa arudi baada ya wiki sita. Shughuli hiyo hufanywa kwa uangalifu na huruma, lakini aghalabu humalizika pasipo mtu yeyote kuuliza kwa nini mfupa wa mtu mzima, uliobeba ndoo za maji na majembe kwa miaka 50, umeshindwa kuhimili anguko dogo kama lile.

Kwa watabibu, mvunjiko unaotokana na kuanguka kutoka kimo cha mtu aliyesimama, au kimo pungufu ya hicho, una hukumu tofauti na mvunjiko wa mtu aliyerushwa na bodaboda au aliyeporomoka kutoka juu ya mwembe. Mfupa wenye siha umeumbwa uhimili kujikwaa na kuteleza. Ukivunjika kwa jambo dogo, dhana ya kwanza inapasa kuwa kwamba ulikwisha kupungua kabla ya siku ile. Kwa hiyo nashika rai kwamba kifundo cha mkono kilichovunjika kwa mwanamke aliyekoma hedhi, au kwa mwanamume aliyeingia uzeeni, kinaleta habari za mifupa yake yote. Na kwamba katika mji kama Songea, ambako chombo cha kupimia mifupa hakipo karibu na kila mwenye haja nacho, habari hiyo ni kipimo chenye thamani kubwa ambacho mara nyingi huachwa kipotee bure.

Zamani jambo hili halikuwa na uzito mkubwa kwetu, kwa sababu ya kusikitisha: watu wachache waliishi muda wa kutosha kulifikia. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, wastani wa umri wa kuishi haukufika miaka 45, ilhali leo umepita miaka 60. Na ijapokuwa sehemu kubwa ya faida hiyo ni ya watoto wachanga waliookolewa na mauti, wamo pia ndani yake wazee wengi ambao zama za babu zao wasingaliufikia uzee. Mkoa wa Ruvuma, ambao sensa ya mwaka 2022 iliukuta na watu zaidi ya milioni 1.8, una mabibi na mababu wengi kuliko ulivyopata kuwa nao wakati wowote, na kila mmoja wao anaishi na mifupa ambayo hesabu yake ilianza kufanywa tangu alipokuwa mtoto.

Mkono wa chini, kutoka kiwiko mpaka kifundo, una mifupa miwili inayokwenda sambamba. Ule wa upande wa kidole gumba, uitwao rediasi, ndio ulio mnene zaidi karibu na kifundo, na ndio unaopokea sehemu kubwa ya kishindo mtu anapojizuia kwa kiganja. Katikati ya mkono mfupa huo una ganda nene na gumu. Lakini unapokaribia kiungo ganda hilo hupungua likawa jembamba, na nafasi ya ndani hujazwa mfupa wa wavu, yaani vijiti vidogo mno vya mfupa vilivyoshikana kwa mpango wa hekima kubwa, mfano wa kenchi na mapau yanavyoshikana kulizuia paa. Mpango huo huufanya mfupa uwe mwepesi na bado uwe na nguvu, maadamu vijiti vyote vimo mahali pake. Vikianza kukonda, na hatimaye kukatika kimoja kimoja pasipo kujengwa tena, ganda lile jembamba hubaki likikabili kishindo bila ya msaada wa kutosha kutoka ndani. Mahali hapo, kiasi cha inchi moja hivi juu ya kiungo, ndipo mkono unapovunjika.

Tabibu wa kwanza aliyelifafanua jambo hilo kwa ukamilifu mbele ya wasomi wa Uingereza na Ireland alikuwa Abraham Colles, mwalimu wa upasuaji mjini Dublin, ambaye jina lake lingali limefungamana na mvunjiko huu hata leo. Aliandika mwaka 1814, miaka 81 kabla ya Wilhelm Röntgen kuvumbua mionzi ya eksirei mwaka 1895, kwa hiyo maarifa yake yote aliyapata kwa kutazama na kupapasa tu. Watu wa wakati wake walidhani kwamba majeraha ya namna hii ni kuteguka kwa kiungo. Yeye kwa vidole vyake akatambua kuwa kiungo ni kizima na mfupa ndio uliovunjika juu yake. Sijui ithibati iliyo bora kuliko hiyo ya kwamba mkono wa mganga mwangalifu unaweza kutambua mambo makubwa hata pale ambapo vyombo havijafika, na sisi tulio mbali na vyombo vingi tuna sababu ya kuitafakari.

Colles alieleza mahali pa mvunjiko. Sababu ya mfupa kuwa tayari kuvunjika ilichelewa kujulikana. Wengi wetu hufikiri kwamba mfupa ukiisha kukomaa hubaki vile vile mpaka mtu azikwe, kumbe mfupa hauachi kujengwa na kubomolewa. Kila mwaka takriban sehemu moja katika kumi ya mifupa ya mtu mzima huondolewa na kuwekwa upya na chembe hai za aina mbili: moja huyeyusha mfupa mkongwe, na nyingine hutandaza mpya, kwanza utando wa protini iitwayo kolajeni, kisha madini ya kalsiamu na fosfeti yanayoingia katika utando ule na kuugeuza ukawa mgumu. Mwili wa mtu mzima una kalsiamu ya kiasi cha kilo moja, na asilimia 99 yake imewekwa akiba katika mifupa na meno. Damu, ambayo haiwezi kukosa kalsiamu hata kwa saa chache bila ya moyo na misuli kupata dhara, hukopa kutoka katika akiba hiyo kila inapohitaji. Mpaka umri wa miaka 30 hivi ujenzi huushinda ubomoaji, na mfupa hufikia kilele chake. Baada ya hapo mizani hukaa sawa kwa muda, kisha huanza kuinama upande wa hasara.

Kwa wanawake mizani hiyo huinama ghafla. Fuller Albright, tabibu wa Boston katika Marekani, alionyesha mwaka 1941 kwamba wanawake waliomjia wakiwa na mifupa ya uti wa mgongo iliyobonyea walikuwa, karibu wote, wamekwisha kukoma hedhi. Na kutoka hapo ikafahamika kwamba homoni ya estrojeni, licha ya kazi yake katika uzazi, ndiyo inayozizuia zile chembe bomozi zisipite mpaka. Estrojeni ikiondoka, mwanamke huweza kupoteza asilimia 2 ya mfupa wake kwa mwaka, au zaidi, kwa miaka kadhaa mfululizo, na mfupa wa wavu ndio unaotangulia kuliwa, kwa kuwa una uso mpana ambao chembe hizo hufanyia kazi. Kwa hiyo kifundo cha mkono, ambacho kina mfupa mwingi wa namna hiyo, huwa miongoni mwa sehemu za kwanza kuonyesha hasara. Katika nchi za Ulaya ambako hesabu zimewekwa kwa muda mrefu, mivunjiko ya kifundo kwa wanawake hupanda kwa kasi kuanzia miaka ya kukoma hedhi, kisha hutulia karibu na umri wa miaka 65, ilhali mivunjiko ya nyonga huendelea kupanda mpaka uzee wa mwisho. Inasemekana sababu ya kutulia huko ni kwamba bibi aliyezeeka sana hutembea polepole na huanguka kwa ubavu, bila ya kuwahi kutanguliza mkono. Yaani mkono uliokuwa ukiikinga nyonga huacha kuikinga.

Wanasayansi walipotaka kuupima upungufu huu kwa hesabu, mkono ndio uliokuwa mlango wao wa kwanza. Mwaka 1963 John Cameron na James Sorenson wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walitangaza njia ya kupitisha miale myembamba ya mionzi katika mkono wa mtu aliye hai na kupima kiasi kilichozuiwa na mfupa. Kadiri madini yanavyokuwa mengi, ndivyo mionzi inayotokea upande wa pili inavyokuwa michache. Kabla ya hapo tabibu alikuwa na picha ya eksirei ya kawaida tu, nayo haionyeshi wepesi wa mfupa kwa uhakika mpaka kiasi cha asilimia 30 ya madini iwe imekwisha kutoweka, na wakati huo ni kuchelewa. Kutoka katika mbinu ile ya Wisconsin ikazaliwa, katika miaka ya 1980, mashine iitwayo deksa, ambayo hutumia mionzi ya eksirei ya nguvu mbili tofauti ili kuutenga mfupa na nyama iliyouzunguka. Mgonjwa hulala juu ya kitanda kwa dakika chache, mionzi anayoipata ni kidogo mno, na majibu hutolewa kwa gramu za madini kwa kila sentimita mraba ya nyonga, kiuno au mkono.

Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 1994 mpaka unaofuatwa mpaka sasa. Mfupa wa mgonjwa hulinganishwa na wastani wa wanawake vijana wenye afya, na tofauti hiyo huhesabiwa kwa madaraja ya kitakwimu. Aliyepungukiwa na daraja 2.5 au zaidi husemwa kuwa na ugonjwa wa osteoporosisi, na aliye kati ya daraja 1 na 2.5 husemwa kuwa mfupa wake umeanza kuwa mwepesi. Uhusiano wa kipimo hiki na kuvunjika mkono si wa kubahatisha: kila daraja moja linapopungua, hatari ya kuvunjika mkono wa chini huongezeka kwa takriban mara moja na nusu. Kwa hesabu hiyo, mwanamke aliyeshuka madaraja mawili ana hatari iliyozidi maradufu ya mwenziwe aliye kwenye wastani, hata kama wote wawili wanateleza katika matope yale yale.

Hata hivyo insafu hunilazimisha niseme kwamba mpaka ule ulichorwa kwa kutazama mifupa ya wanawake wa asili ya Ulaya, na kwamba Afrika imekwisha kuwashangaza wale waliodhani kuwa mfupa mwepesi na mfupa unaovunjika ni kitu kimoja. Louis Solomon aliandika mwaka 1968, kutoka Johannesburg, kwamba mvunjiko wa nyonga ulikuwa nadra mno kwa Waafrika wa huko kuliko kwa Wazungu, ingawa mifupa yao haikuwa na madini zaidi. Katika kijiji cha Keneba, Gambia, ambako Waingereza wameendesha kituo cha utafiti wa lishe kwa miongo mingi, Ann Prentice na wenziwe waliwakuta wanawake wakila miligramu 300 mpaka 400 tu za kalsiamu kwa siku, yaani chini ya nusu ya kiasi kinachoagizwa Ulaya, huku wakizaa na kunyonyesha mara nyingi. Madini ya mifupa yao yalikuwa pungufu ya yale ya Waingereza, na juu ya hayo mivunjiko ya uzee ilikuwa michache. Tena walipowapa baadhi ya wajawazito wa huko vidonge vya miligramu 1,500 za kalsiamu kila siku, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2010 yalikuwa kinyume cha matarajio: waliopewa vidonge walipoteza mfupa zaidi wakati wa kunyonyesha kuliko wasiopewa, kana kwamba vidonge viliuvuruga ustadi ambao miili yao ilikuwa imeupata wa kutunza kilicho kidogo.

Habari hizo ni za fahari, lakini sioni kuwa zinatupa ruhusa ya kulala. Wanawake wa Keneba walilima kwa mkono, walitembea kwa miguu, walitwanga. Julius Wolff wa Berlin alifundisha tangu mwaka 1892 kwamba mfupa hujijenga kwa kufuata mzigo unaoubeba, na wachezaji wa tenisi wamelithibitisha hilo kwa namna ya ajabu, kwani mfupa wa mkono wanaochezea huwa mnene dhahiri kuliko wa mkono wa pili. Mwanamke wa Ungoni aliyetwanga kwa mchi tangu utotoni alikuwa akiujenga mfupa wa mkono wake asubuhi na jioni bila ya kujua, na mashine za kusaga, ambazo nazishukuru kwa kuwaondolea mama zetu taabu kubwa, zimeiondoa kazi hiyo pasipo kitu kingine kuwekwa badala yake. Binti yake anayekaa dukani Majengo tangu alfajiri mpaka usiku, akaenda na kurudi kwa bodaboda, hawezi kuutegemea mfupa wa bibi yake kuwa ni urithi.

Lipo na jambo la pili ambalo mizani ya deksa hailipimi. Zaidi ya nusu ya watu wanaovunjika kifundo cha mkono, wakipimwa, hukutwa hawajaufikia mpaka wa 2.5, kwa maana mfupa hauvunjiki mpaka mtu aanguke, na kuanguka kuna sababu zake. Mtoto wa jicho aliyeachwa bila ya kuondolewa, dawa za shinikizo la damu zinazomtia mtu kizunguzungu anapoinuka haraka kitandani, safari ya gizani kwenda chooni nyuma ya nyumba, kandambili zilizosagika kisigino, ulanzi na komoni vilivyonywewa mpaka jioni: hayo yote huzidisha maanguko, na mengi katika hayo huondolewa kwa gharama ndogo kuliko ya kidonge chochote. Tochi na fimbo kwa bibi, na changarawe zilizomwagwa katika njia ya uani kabla ya mvua, ni tiba ya mifupa, ijapokuwa haziuzwi katika duka la dawa.

Kuhusu chakula, mahindi ambayo Ruvuma inayalima kwa wingi na kuyalisha maghala ya taifa, yawe ya dona au ya sembe, yana kalsiamu kidogo sana, na maziwa si kinywaji cha kila siku katika nyumba nyingi za wakulima wa huku. Neema yetu iko magharibi, katika Ziwa Nyasa. Dagaa waliokaushwa, wanaoliwa wazima na mifupa yao, wanabeba kalsiamu nyingi, na bakuli lao linaloletwa kwa watoto lina faida kubwa kuliko vipande vya nyama ambavyo baba hutengewa kwa heshima. Maharage na soya husaidia. Mchicha husaidia kwa mengi, lakini kalsiamu yake hufungwa na asidi iliyomo katika majani yenyewe, kwa hiyo hautoshi peke yake. Ama jua, Mungu ametupa bila ya hesabu: watafiti waliowapima Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania walitangaza mwaka 2012 kwamba damu yao ilikuwa na wastani wa nanomoli 115 za vitamini D kwa lita, kiasi kinachowazidi watu wengi wa Ulaya. Anayeikosa huku kwetu ni mzee anayefungiwa ndani siku nzima kwa nia njema, akidhaniwa kuwa anapumzishwa.

Vitu vinavyoupunguza mfupa kwa siri havikosekani mkoani. Tumbaku inayokaushwa kwa moshi, ambayo wakulima wa Songea na Namtumbo wamejipatia riziki kwayo kwa miaka mingi, hudhoofisha mfupa wa anayeivuta. Kadhalika pombe ya kila siku. Vidonge vya predinisoloni, vinavyonunuliwa na wengine kwa maumivu ya viungo bila ya cheti cha daktari, vikinywewa kwa miezi hula mfupa wa wavu kwa kasi kuliko sababu nyingine nyingi. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu hupunguza madini ya mfupa wakati inapotumika, na sehemu kubwa ya madini hayo hurejea mama akiiacha. Kunyonyesha nako huchukua kiasi cha asilimia 3 mpaka 7, ambazo hurudishwa baada ya mtoto kuachishwa ziwa, kwa hiyo asitokee mtu wa kumtisha mama anayenyonyesha.

Nakawia kidogo kwa wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, kwa kuwa ni wengi na wana haki ya kuambiwa kweli yote. Tenofovia, iliyomo katika kidonge kinachotolewa kwa walio wengi nchini, hupunguza madini ya mfupa kwa asilimia chache katika mwaka wa kwanza au wa pili, kisha hali hutulia. Dawa hiyo imewarudishia watu uhai, na asiiache mtu hata siku moja kwa kuogopa mfupa. Lakini mwanamke mwenye umri wa miaka 52 aliyeitumia kwa muda mrefu, akivunjika kifundo kwa kuteleza, ana sababu mbili za kuulizwa habari za mifupa yake badala ya moja.

Watoto nao huvunjika mikono, hasa kati ya miaka 10 na 15, na si utundu peke yake unaowavunja. Katika miaka ile ya kurefuka haraka, urefu wa mfupa hutangulia na madini hufuata nyuma, kwa hiyo kwa muda mfupi mkono huwa mrefu kuliko nguvu zake. Huo ndio wakati ambapo dagaa, mpira na kukimbia vina thamani kuliko wakati mwingine wowote wa maisha, maana kwa msichana sehemu kubwa ya mfupa atakaokuwa nao huwa imekwisha kuwekwa afikapo miaka 18.

Sasa mama yetu wa uani afanyiwe nini? Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kwa barabara, na mashine za deksa katika nchi nzima ni chache. Kumwambia aende huko kwa ajili ya kipimo ni kumpa nasaha asiyoiweza. Lakini mvunjiko wenyewe umekwisha kusema mengi. Kikokotozi kilichotengenezwa Sheffield, Uingereza, na kutangazwa mwaka 2008 kwa kukadiria hatari ya kuvunjika mifupa kinaweza kutumiwa hata bila ya kipimo cha deksa, na kuvunjika mfupa ukubwani kwa anguko dogo ni miongoni mwa maswali yake yenye uzito. Mwanamke aliyevunjika kifundo ana hatari iliyozidi kwa takriban nusu ya kuvunjika nyonga siku za mbele, na mwanamume aliyevunjika vivyo hivyo ana hatari kubwa zaidi ya hiyo. Nyonga ikivunjika katika nyumba isiyo na uwezo wa kulipia upasuaji, mtu hulala kitandani, na wengi hawainuki tena. Kati ya kifundo na nyonga aghalabu hupita miaka 10 au zaidi, na huo ni muda mrefu wa kufanya jambo.

Mkoa hauna upungufu wa watu wa kulifanya. Iko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini, na iko ile ya Mtakatifu Yosefu kule Peramiho, magharibi ya mji, katika misheni ambayo Wabenediktini waliianzisha mwaka 1898. Na vijijini wako waunga mifupa wa jadi, ambao watu huwaendea kwanza na ambao sioni faida ya kuwadharau. Wengi wao wanajua kushika mkono kwa upole. Hatari iko katika gango lililokazwa mno: vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi au vikifa ganzi, funga ile ifunguliwe saa ile ile, maana mkono unaokosa damu huweza kukatwa. Hogo la hospitali nalo linataka hadhari hiyo hiyo. Pete ivuliwe mapema kabla ya uvimbe, vidole vichezeshwe tangu siku ya kwanza, bega linyanyuliwe kila siku lisije likaganda. Colles aliwapa wagonjwa wake matumaini kwamba mkono uliopinda utarudi kufanya kazi bila ya maumivu, na kwa wengi imekuwa hivyo, lakini wako ambao mkono wao uliganda kwa sababu hakuna aliyewaambia wautembeze.

Siku ya kufungua hogo ndiyo siku ya maswali, kwa kuwa mama atakuja kwa vyovyote, na maumivu yatakuwa yamepungua hata aweze kukumbuka vizuri. Hedhi yake ilikoma lini. Amewahi kuvunjika mfupa mwingine tangu awe mtu mzima. Mama yake au baba yake alivunjika nyonga. Kimo chake kimepungua. Anatumia dawa gani, anavuta, anakunywa. Anaona vizuri usiku. Maswali hayo hayazidi dakika kumi na hayahitaji umeme. Anayeonekana kuwa katika hatari kubwa kuna dawa za jamii ya bisfosfoneti, ambazo hunywewa mara moja kwa wiki na huzuia zile chembe bomozi, na daktari ataamua kama zinamfaa na kama zinapatikana. Na kwa kila mmoja, awe anapewa dawa au hapewi, muuguzi aandike katika daftari la mgonjwa kwamba kifundo kilivunjika kwa anguko la kimo cha kusimama. Maana mama huyo akija baada ya miaka mitano akilalamika mgongo, tabibu mwingine atakayemkuta hapo, asiyemjua, atajua kwamba mgongo huo huenda umevunjika nao, atampiga picha, wala hatamrudisha nyumbani na vidonge vya maumivu peke yake.